Anayepimwa Huzuia Pumzi

Mmenitaka niwaambie siri ya kukata suruali ikakaa vizuri mwilini. Wanangu, suruali haina siri. Ina miguu miwili, kiuno na zipu, na mwalimu wenu hapo chuoni atawafundisha kuikata mkaielewa kabla mvua za vuli hazijaanza. Kazi iko kwa mwenye kuivaa. Huyo ndiye aliyenizeesha mimi, kwa sababu miaka yote niliyokaa barazani Mwembesongo nikikanyaga cherehani, sijawahi kumzungushia mtu mzima futi akabaki jinsi Mungu alivyomuumba.

Futi, ule utepe wetu wa kupimia, una uchawi wake. Ukimgusa nao mtu, kitu cha kwanza anachofanya ni kuzuia pumzi. Awe bwana harusi, awe mwalimu mkuu, awe bibi mwenye vitukuu, wote ni wamoja. Tumbo linaingia ndani, kifua kinapanda, macho yanatazama mbali barabarani, anajifanya hana habari na unachokifanya. Ukikata kitambaa kwa kipimo hicho, umekwisha. Atakurudia na nguo mkononi, amenuna, anakwambia, "Fundi, umenibania." Hatakumbuka hata kidogo kwamba yeye ndiye aliyejibana kwanza.

Aliyenitoa ujinga ni marehemu Mzee Shomari, fundi wa nguo za kiume, ambaye cherehani yake ilikaa ubavuni mwa yangu. Nilipoanza kazi nilikuwa binti mwenye mdomo. Siku moja alikuja mama mmoja kushona gauni la Idi, nikampima, akaniambia kipimo chake anakijua mwenyewe tangu usichana, niandike hicho hicho. Nikamjibu, "Mama, usichana umepita na kiuno kimeufuata." Mama akakunja kitambaa chake, akavuka barabara, akaenda kwa fundi wa pili. Mzee Shomari hakunigombeza. Alingoja mteja mwingine, mwanamke mnene aliyekuwa amejikaza mpaka mishipa ya shingo imemtoka, akamwuliza kwa upole, "Na yule jirani yako mwenye bata, mlipatana?"

"Yule!" mama akasema. "Yule mwanamke hana haya! Juzi bata wake wameingia..." Na tumbo likashuka taratibu lenyewe. Mzee Shomari akanikonyeza, nami nikapima upesi.

"Umeona?" aliniambia baadaye. "Binadamu hawezi kusengenya huku amezuia pumzi. Lazima achague moja."

Tangu siku ile nilikuwa najua habari za majirani wa mji mzima wa Morogoro. Watu waliniita mmbea, na mimi nasema ilikuwa ni kazi. Kwa hiyo mnapofundishwa hapo chuoni kushika chaki na mkasi, jifunzeni pia kuuliza habari za mawifi. Hata mwanamume mwenye kiburi, mwulize kuhusu mpaka wa shamba lake na ndugu zake, utampima mpaka nyayo.

Najua nyinyi mna mambo yenu. Mteja anawatumia vipimo kwa simu, kajipima mwenyewe mbele ya kioo, na picha ya dada mmoja mwembamba amesimama kando ya gari. "Fundi, nataka kama hii." Hata mimi yalinikuta hayo kabla sijaacha kazi. Nilimjibu mmoja hivi: "Nguo nitakushonea, mwanangu, ila huyo dada aliye ndani yake sina pa kumpata." Alicheka, akanitumia vipimo vingine, na hivyo navyo vilikuwa vya uongo. Teknolojia imebadilika, tumbo halijabadilika.

Msidhani sisi mafundi ni malaika. Mzee Shomari huyo huyo, pamoja na akili zake zote, alikuwa hawezi kumwambia mtu hapana. Kila aliyeleta kitambaa aliambiwa, "Jumamosi." Alikuwa anaona uchungu kumkatisha mtu tamaa, basi akawapa wote Jumamosi moja. Ilipofika, watu walijaa barazani, naye akaingia dukani kwa Mzee Jayanti, mwenye baraza letu, akajilaza nyuma ya majora ya vitambaa. Nasi tukasema ameenda msibani. Tungefaulu, ila Mzee Shomari alipitiwa na usingizi, akaanza kukoroma. Wateja wakatega masikio. Mzee Jayanti, bila hata kutikisa uso, akasema, "Hilo friji langu bovu, naita fundi wake kesho."

Mzee Jayanti alikuwa Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa Morogoro, babake kazaliwa Morogoro, na duka la vitambaa lilikuwa la familia yao. Sisi mafundi tulikaa kwenye baraza lake: yeye auze kitambaa, sisi tukishone. Mtu mwema sana, na ukaidi wake ulikuwa mmoja tu: hakutaka kuvaa miwani. Alinunuliwa miwani nzuri na wanawe, akaitia kwenye droo ya kaunta, ikalala humo. Kitambaa alikijua kwa vidole, angekipapasa tu akakwambia kimetoka wapi na kitadumu miaka mingapi. Rangi ndiyo iliyomshinda. Nyeusi na bluu iliyoiva zilikuwa kwake mtu na ndugu yake.

Basi alikuwa ananiita mbele ya mteja. "Zuhura, njoo. Wewe fundi, hebu niambie, hii rangi gani?" Anauliza kwa sauti ya mkaguzi wa shule, utadhani ananipima mimi. Nami najibu, "Bluu iliyoiva, mzee." Naye anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Umejifunza." Nilifanya mtihani huo kila siku ya Mungu na sikufeli hata mara moja. Mkewe alijua, mafundi wote tulijua, nadhani hata wateja walijua. Hakuna aliyewahi kumvunjia mtihani wake.

Haya, sasa niwaambie lile jambo la Mlali, maana najua ndilo hasa mnalolitaka. Nimesikia mnavyonong'ona, "Huyu ndiye bibi aliyeharibu suti ya mjomba." Kaeni vizuri.

Alikuja Mama Rehema, mwanamke wa Mlali, binti yake Rehema anaolewa na kijana wa Kingolwira. Alileta kazi ya sare: shangazi, mama wadogo na mama wakubwa, wote kitambaa kimoja, mshono mmoja. Nyinyi mtashona sare sana, kwa hiyo sikilizeni. Kila mmoja wa wanawake wale alikuja kupimwa kwa wakati wake, na kila mmoja, alipokuwa anaondoka, alinivuta pembeni. "Fundi, mimi niwekee ua kubwa hapa begani. Lakini wenzangu usiwaambie." Wa pili naye, ua begani, usiwaambie. Wa tatu vilevile. Mimi ni mtu wa siri. Sikumwambia yeyote, nikawashonea wote maua.

Halafu Mama Rehema akasema, "Na kaka yangu naye anataka suti."

Hapo nikaweka mkasi chini. Maana sisi Waluguru, kwa asiyejua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Ndoa ya Kiislamu ina walii wake, ambaye ni baba, na shekhe anamtambua huyo. Lakini kwetu baba hafungui mdomo mpaka mjomba asimame kwanza mbele ya wakwe na kusema, "Huyu mtoto ni wetu, na tumeridhika." Mjomba akikaa kimya, shekhe atakunywa chai mpaka birika liishe.

Na mjomba mwenyewe alikuwa Mzee Kibwana. Analima nyanya na maharage juu kule mlimani, mtu wa heshima, msemaji mzuri, na ujana wake alisifika kwa umbo. Sifa hizo zilimwingia zikakaa. Wanaume wengine wote wa ukoo walitosheka na kanzu, ila yeye alisikia kwamba baba yake bwana harusi atakuja na suti, akasema basi na yeye suti.

Alishuka mjini siku ya gulio, tumbo amelitanguliza, na mkononi ameshika koti na suruali vya zamani, vimekunjwa vizuri.

"Shikamoo, Mjomba," nikamwamkia. Kila mtu alimwita hivyo.

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mfano. Nishonee kama hii."

"Karibu nikupime kwanza."

"Unipime nini tena? Mfano si huu hapa? Nishonee hivi hivi, uzi usizidi, uzi usipungue."

"Suti hii ulishona lini, Mjomba?"

"Si siku nyingi."

Mzee Jayanti alitoka dukani, akaipapasa ile suruali kwa vidole viwili. "Kitambaa hiki alikuwa anauza marehemu baba," akasema. "Mimi nilikuwa bado nacheza gololi."

Mjomba Kibwana akamtazama kwa jicho kali. "Kitambaa kizuri hudumu," akasema.

Nikajaribu kwa njia ya Mzee Shomari. Nikamwuliza kuhusu mpaka wa shamba. Nikamwuliza kuhusu wakwe. Nikamwuliza kuhusu jirani yake aliyechepusha mfereji wa maji, kisa ambacho Mlali yote ilikuwa inakijua. Mjomba amejikaza, uso unatoka jasho, anajibu neno moja moja: "Mzima." "Tumeyamaliza." "Alhamdulillahi." Sikuwahi kumwona mwanamume wa aina ile. Nilijaribu kumwambia angalau aje kujaribisha kabla sijamaliza, akasema mlima ni mrefu na nyanya hazisubiri. Kisha akaongeza, kwa ukali kidogo, kwamba si adabu mwanamke kumpima mwanamume. Nikamwambia yupo mtoto wa marehemu Mzee Shomari, naye anapima. Akaniambia, "Fundi, nimeshakupa mfano."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mafundi tunajua walikuwa wanawasema wateja wetu. Nilishona kwa mfano wa ile suti ya kale. Lakini nikafanya alichonifundisha Mzee Shomari: ndani ya kila mshono nikaacha akiba ya kitambaa. Mzee alikuwa na kanuni yake, akiba ya vidole viwili kwa kijana, vitatu kwa mwenye mke anayejua kupika, na kwa mtu aliyepewa cheo, acha kadiri kitambaa kitakavyokubali. Nilimhesabu Mjomba katika wenye cheo. Nikaacha akiba kubwa nyuma ya suruali na mbavuni mwa koti, nikapiga pasi, nikangoja aje. Hakuja. Alimtuma mwendesha bodaboda kuichukua.

Siku ya harusi nilipanda Mlali kama mgeni mwalikwa. Nilipoingia uani, wanawake wa sare walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na ua begani, wametazamana kwa hasira. Waliponiona, macho yote yakanigeukia mimi. "Fundi," mmoja akasema, "hebu njoo hapa." Nikajifanya nimeitwa jikoni.

Kwenye turubai, wageni wa Kingolwira walikuwa wamekaa muda mrefu. Shekhe alikuwa amekunywa chai, akanywa tena. Bwana harusi alikuwa anajifuta jasho. Mjomba Kibwana hakuwa ametoka chumbani.

Kwanza akatuma neno kwamba kilemba si chenyewe, ile nguo ya heshima ambayo upande wa mume humletea mjomba. Wakwe wakashangaa, lakini wakaenda kutafuta kingine, kizuri zaidi. Akatuma neno kwamba siku ya posa hakuamkiwa vizuri. Wazee wa Kingolwira wakanyanyuka, wakamwamkia kupitia mlangoni, mmoja baada ya mwingine, "Shikamoo, Mjomba," wengine wana mvi kumzidi. Akatuma neno la tatu kwamba ameota ndoto mbaya.

Hapo mshenga wa Kingolwira akasimama. Alikuwa mzee mpole, lakini upole ulikuwa umemwishia. "Jamani," akasema, "sisi hatukuja kugombana. Tumekuja kwa heshima na tumesubiri kwa heshima. Naona ndugu zetu hawapo tayari. Tutarudi nyumbani, siku mkiwa tayari mtatuita." Baba wa bwana harusi akaanza kutafuta viatu vyake.

Mjue maana yake, wanangu. Watu wakiondoka na bwana harusi wao mbele ya mji mzima, hawarudi. Aibu haipandi mlima mara mbili. Rehema alikuwa chumba cha ndani, hina bado mbichi miguuni, analia bila sauti ili asiharibu wanja. Mama yake alikuwa anazunguka uani ameshika kichwa. "Kaka yangu amepatwa na nini?" alikuwa anasema. "Jana alikuwa anacheka!"

Mimi nilikuwa nimesimama chini ya dirisha la chumba cha Mjomba, najificha wale wa maua wasinione. Ndipo nikasikia. Dup! Kimya. Dup! Halafu mtu anahema. Dup! Dup!

Watu wengine wangedhani ni mbuzi. Mimi nimeusikia mshindo ule maisha yangu yote nyuma ya pazia la kujaribishia. Mtu anayerukaruka peke yake chumbani ana shida moja tu: anajaribu kuingia kwenye suruali. Kilemba, salamu na ndoto havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kiunoni, na Mjomba alikuwa radhi kuvunja ndoa ya mtoto wao kuliko kutoka mbele ya wakwe na kusema suti haimwingii.

Nikamkasirikia sana. Halafu nikamsikia akiruka tena, na safari hii akaguna kwa kukata tamaa, nikamwonea huruma. Ningeweza kwenda kumnong'oneza dada yake, na dada yake angewanong'oneza shangazi, na kabla ya sala ya adhuhuri tumbo la Mjomba lingekuwa limefika Kingolwira. Asingetoka chumba kile mpaka leo. Mtu akishaumbuliwa, hashiki tena kauli ya ukoo.

Nikaenda mlangoni, nikabisha. "Hodi, Mjomba."

"Nimeshasema sitoki! Mila imevunjwa!"

"Ni mimi, fundi Zuhura."

"Fundi wa nini?"

Wanangu, kama kuna kitu nilichokuwa najivunia, ni kwamba hakuna aliyewahi kusema nguo yangu imekosewa kipimo. Watu walitoka mpaka Kilosa kuniletea vitambaa kwa sababu hiyo. Majigambo hayo ndiyo yaliyokuwa udhaifu wangu mimi, na Mungu alichagua siku ile kunigusa papo hapo. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya mnadi wa gulioni, uani pote pasikie:

"Mjomba, nimekuja kukuomba radhi! Nimekosea suti yako! Uliniletea mfano sahihi, mimi nikakata kwa kipimo cha mtu mwingine. Nimegundua sasa hivi. Nifungulie nirekebishe, na wakwe wanisamehe, wewe huna kosa, kosa ni langu!"

Baba wa bwana harusi akasimama na kiatu kimoja mguuni. Kwenye mkeka, mmoja wa wale shangazi akasema, "Si niliwaambia huyu fundi ana matatizo?" Niliona joto linanipanda mpaka masikioni, nikatamani ardhi ya Mlali ipasuke.

Mlango ukafunguka kidogo, likatoka jicho moja. "Nilijua!" Mjomba akasema kwa sauti kubwa kuliko yangu. "Nilijua kuna kosa! Nilikuwa nawastahi tu!"

Niliingia na mdogo wake wa kiume, ili mambo yawe ya heshima. Mjomba alikuwa amejifunga kikoi, suruali ameishika mkononi, kola imelowa jasho. Mimi sitembei bila sindano, uzi na wembe, na nyinyi msitembee bila hivyo. Nikakaa chini, nikaanza kufumua mshono wa nyuma.

"Mafundi wa siku hizi," alisema akitazama ukuta.

"Ndiyo, Mjomba."

"Labda pia ni huu ukungu wa huku juu. Baridi ya mlimani inarudisha vitambaa, vinapungua."

"Inarudisha sana, Mjomba."

"Hasa vitambaa vizito."

"Hivyo ndivyo hasa."

Nikafika kwenye akiba. Nikamwuliza, bila kuinua kichwa, "Nikuachie kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Nikangoja na sindano mkononi. Nje tulisikia mshenga anawaambia watu wake wakae kwanza, fundi anarekebisha. Mjomba akautazama mlango.

"Achia yote," akasema.

Niliiachia yote, nikashona kwa mkono, mshono wa haraka lakini imara. Koti nilifumua mbavu zote mbili. Alipovaa, suti ilimkaa, nasema ukweli mbele ya Mungu, ilimkaa vizuri ajabu. Akajitazama kwenye kipande cha kioo, akageuka upande, akageuka upande wa pili, na nikaona amesahau kabisa yaliyopita.

Akatoka. Watu wakashangilia. Akasimama mbele ya wakwe, na kabla ya kusema lolote la ndoa, akainua kidole kunielekea mimi. "Ndugu zangu wa Kingolwira, tusameheane. Mnaona wenyewe jinsi mafundi wa mjini wanavyotuchelewesha. Mtu unampa mfano mkononi!" Turubai zima likaguna kwa kunisikitikia. Nilikaa kwenye benchi nimeuma meno. Ndipo akaendelea, akaeleza Rehema alivyolelewa, mama yake alivyohangaika naye, ukoo unavyompenda, na akasema yale maneno, kwamba huyu mtoto ni wetu na tumeridhika, kwa sauti iliyomfanya hata mshenga atoe leso. Shekhe akafungisha ndoa. Rehema alipotolewa, alipita mbele ya benchi langu, uso umejaa furaha, wala hakujua lolote. Nilifurahi mpaka nikalia, na watu wakadhani nalia kwa aibu ya suti.

Jina langu lilikaa vibaya muda mrefu. Wateja wa Mlali walianza kupita barazani kwangu wakitazama upande mwingine. Waliokuja walikuja na utani: "Fundi, usinishonee kama Mjomba." Mzee Jayanti alikuwa anachemka. "Zuhura, mimi nilikuwepo! Mimi nilishika ile suruali! Natangaza kwa kila mteja!" Nikamkataza. Akauliza kwa nini nimtunzie mtu siri isiyonifaa. Nikatazama tu ile droo ya kaunta. Akaitazama na yeye. Baada ya hapo hakulisema tena, ila mchana ule aliniletea chai na sambusa kutoka kwa mkewe.

Mavuno ya nyanya yalipokwisha, Mjomba Kibwana akashuka tena mjini. Baraza lilikuwa limejaa watu, siku ya gulio. Amebeba kitambaa kipya cha kanzu kwapani. Akasimama katikati, akanionyesha kwa mkono wazi.

"Huyu ndiye fundi aliyenikosea suti," akawaambia watu. "Lakini mwanadamu hakuumbwa mkamilifu. Mimi nimemsamehe, na kazi nimemletea yeye yeye."

"Mashallah," watu wakasema. "Mzee una moyo mkubwa."

Mzee Jayanti alianza kukohoa, akakimbilia ndani ya duka. Mimi nilitamani kuitafuna chaki. Nikasema, "Ahsante, Mjomba," nikamwita mtoto wa Mzee Shomari aje ampime.

"Hapana," Mjomba akasema. "Nipime wewe."

Akainua mikono. Nikamzungushia futi juu ya shati, nikangoja lile tumbo liingie ndani kama kawaida ya binadamu wote. Mjomba alitazama barabarani kidogo. Halafu akashusha pumzi, polepole, yote, na tumbo likaja mbele, likakaa mikononi mwangu kwa uzito wake wote. Hakulirudisha. Nikasoma kipimo, nikafungua mdomo nikitaje ili kijana aandike.

"Fundi," Mjomba akaninong'oneza, "usikitaje kwa sauti."

Sikukitaja siku ile, na nyinyi pia sitawatajia.